Sifuri Kwanza

Usikanyage bado, Nyanzala. Shuka.
Mashine inataka sifuri kwanza:
kranki ining'inie wima, mguu usiiguse,
cheni itulie, hata nzi asitue pedalini.
Nabonyeza simu. Tunasubiri
kama watu waliomaliza kuingiza namba za luku
na sasa wanaitazama balbu.

Kranki hii ilishuka stesheni na treni ya Jumanne,
imeviringishwa kanga ndani ya ndoo ya rangi,
na karatasi ya maelezo niliyoisoma siku tatu
kwa kamusi ya shule ya binti yangu Kabula.
Miaka ishirini na sita nafunga spoku hapa Isevya,
nazijua gololi kwa mlio, friwili kwa kikohozi chake,
lakini sijawahi kushika chuma chenye betri moyoni,
betri nyembamba, ya duara, kama shilingi ya zamani.

Karatasi yasema hivi:
kila ukikanyaga, chuma kinapinda.
Si kwa kuonekana. Unywele ni mnene mbele yake.
Kinapinda, kinarudi, kinapinda, kinarudi,
na ndani mna kitu kinachohesabu kupinda huko
na kukuita wati.
Nikacheka peke yangu kibandani.
Kumbe chuma nacho hulemewa kimyakimya.

Ghala la tumbaku halina tumbaku tena.
Imebaki harufu, na sakafu ya saruji,
na nguzo kumi na mbili tulizozivika magunia ya pumba
ili ukikosa kona usivunjike meno.
Mzunguko mmoja ni hatua mia na nne, nimezipima mwenyewe.
Humo ndimo unamozunguka
juu ya baiskeli isiyo na breki wala friwili:
gurudumu likienda, miguu nayo iende,
hakuna kupumzika mteremkoni,
hakuna mteremko.

Mia na themanini.
Mia mbili na kumi.
Kabula anasoma kwa sauti, amekaa juu ya mizani ya marobota
iliyokufa ikionyesha kilo tisa.
Mia mbili arobaini na tano!
Wavulana wa Cheyo mlangoni wanapiga hesabu:
balbu nne za wati sitini, na redio ndogo juu yake.
"Dada, twende basi ukatuwashie, kwetu umeme umekatika."

Mimi nahesabu kwingine.
Mwaka ule visima vilipokauka uliuza maji Ipuli,
madumu sita kwenye keria, lita mia na ishirini,
mchanga ukimeza tairi hadi rimu,
na Mihambo tumboni, miezi mitano.
Zile zilikuwa wati ngapi?
Nilikukopesha tairi la nyuma, nikaandika deni.
Sikuuliza.

Na bado kuna jambo halijanikaa.
Mbio zikiisha huwezi tu kuacha kukanyaga,
gurudumu linakudai. Unakaza mapaja,
unasukuma kinyume, unabishana na cheni
mpaka mwendo ukubali kufa.
Naona mishipa ya shingo, naona jasho likidondoka kwenye saruji,
na simu ya Kabula inasema: sifuri.
Sifuri. Sifuri.
Nilidhani imeharibika. Nikaifungua, nikaifunga.
Nikarudi kwenye karatasi, ukurasa wa kumi na moja:
mashine huhesabu nguvu ya kwenda mbele.
Ya kujizuia haina namba.

Basi nimechukua daftari langu la madeni.
Kushoto naandika namba za Kabula.
Kulia natia yangu, kwa penseli:
*Alhamisi. Alisimama kabla ya nguzo ya saba.*
*Jumamosi. Shemeji yake alikuja, akataka baiskeli iuzwe,*
*akasema maneno mbele ya watoto.*
*Hakumjibu. Nzito sana.*

Haya. Simu imelia, sifuri imekubali.
Panda.